Viungo Vilivyoteguka na Nakala Zisizo Tarehe



Siku hizi umeenea usemi kwamba mtandao hausahau. Wazazi huwaambia watoto wao, na walimu huwaambia wanafunzi, ili wachunge ndimi na vidole vyao. Kama onyo, usemi huo ni mwema. Kama maelezo ya mambo yalivyo, si kweli. Mtandao husahau, tena upesi kuliko karatasi. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya jambo hili: kati ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Tufikiri maana yake. Kitabu kilichochapishwa mwaka 2013 bado ni kijana kabatini; jalada lake halijachakaa. Lakini katika kila kurasa kumi za mtandao zilizo rika lake, karibu nne zimekwisha kuzikwa, na hakuna aliyetangaza msiba.

Maoni yangu ni haya. Upotevu huo ni hasara kwa lugha zote, lakini kwa Kiswahili ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya uandishi wetu wa miaka ishirini iliyopita haikupata kupita katika mtambo wa uchapaji. Na dawa yake haiko mikononi mwa mafundi wa kompyuta peke yao. Iko katika adabu ya kunakili, ambayo watunzi na wanakili wetu walikuwa nayo kabla ya umeme kufika pwani, nasi tumeiacha njiani.

Tuanze na jina la ugonjwa, maana sisi wa lugha hatupiti penye neno bila kuligonga tusikie linavyolia. Wengi husema "kiungo kilichovunjika". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo inatunyima hazina tuliyo nayo. Kabla ya kuingia katika kompyuta, kiungo kilikuwa mwilini: goti, kiwiko, bega. Na kila aliyewahi kuanguka kutoka kwenye baiskeli anajua kwamba kiungo kina njia zaidi ya moja ya kuumia. Mfupa huvunjika, lakini kiungo huteguka. Kiungo kikiteguka, mfupa huwa umetoka mahali pake, nao ungali mzima. Anayejua kazi yake huurudisha, na mgonjwa akatembea.

Kwa hiyo napendekeza tutofautishe hali tatu. Ya kwanza ni kiungo kilichoteguka: ukurasa upo, lakini umehamishwa, na anwani ya zamani haikufikishi. Ya pili ni kiungo mfu: ukurasa wenyewe umefutwa, na kinachokupokea ni tarakimu 404, ambazo ndizo kauli ya kompyuta ya kusema "sikukiona ulichokitaka". Ya tatu ni ukurasa uliogeuzwa: anwani ni ileile, mlango unafunguka, lakini maneno yaliyomo ndani si yale uliyoyasoma mwaka jana. Hali ya kwanza hutibiwa kwa kuurudisha mfupa mahali pake. Ya pili haina tiba ila nakala iliyofanywa mapema. Ya tatu haina maumivu, na kwa hiyo mgonjwa hajui kama anaumwa. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Sihitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Mwaka 2021 Mji wa Kahama ulipandishwa hadhi ukawa Manispaa. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini anwani za tovuti za halmashauri zetu nchini hubeba herufi za hadhi: dc kwa wilaya, tc kwa mji, mc kwa manispaa. Maana yake ni kwamba siku halmashauri inapopanda cheo, anwani yake nayo haina budi kubadilika, na kila aliyeinakili ile ya zamani katika tasnifu, taarifa au daftari lake hubaki na ufunguo wa nyumba iliyohamwa. Anayepanga anwani kwa namna hiyo amefunga jina la kudumu kwenye cheo kinachopita. Ni sawa na kumbatiza mtoto jina la darasa analosoma.

Au tazama mgodi wa Bulyanhulu, ambao kila mtu wa hapa anaujua. Katika miaka ya 1990 leseni yake ilikuwa mikononi mwa Kahama Mining Corporation, iliyokuwa mali ya kampuni ya Sutton ya Kanada. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2001. Mwaka 2010 mwenye mgodi akaitwa African Barrick Gold. Mwaka 2014 akaitwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikarejea, na ikaundwa kampuni ya Twiga kwa ubia na Serikali. Shimo ni lilelile, mwamba ni uleule, na vijiji vinavyouzunguka mgodi ni vilevile. Lakini taarifa za maji, za ardhi, za ajira na za ahadi kwa wanakijiji zilitolewa chini ya majina tofauti, na kila jina lilikuja na tovuti yake. Mzee wa kijiji anayetaka kumwonyesha mjukuu wake ahadi iliyoandikwa mwaka 2012 hatafuti ukurasa tu. Anatafuta kampuni ambayo kwa jina lile haipo tena. Hapo kiungo kilichoteguka si usumbufu wa wasomi. Kinaweza kuwa ushahidi wa mtu katika dai lake.

Sasa niingie katika lugha yenyewe. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wenye dhahabu kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakazuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati mbili ziliundwa, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro, nazo zikatoa taarifa zake mwezi Mei na Juni mwaka huohuo. Mwanzoni magazeti na watu mitaani walisema "mchanga wa dhahabu". Baada ya majuma machache taifa zima lilikuwa likisema "makinikia". Neno la wataalamu wa madini liligeuka kuwa neno la kijiweni, la bungeni na la wimbo, mbele ya macho yetu. Ni nadra mwanaisimu kupewa zawadi kama hiyo: neno linalozaliwa hadharani, kwa tarehe.

Lakini cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Kiko katika kurasa za habari za mwaka 2017, katika mijadala ya mtandaoni, katika hotuba zilizowekwa kwenye tovuti. Mwanafunzi atakayetaka kueleza mwaka 2040 jinsi "mchanga" ulivyolipisha njia "makinikia" atazihitaji kurasa hizo kama zilivyokuwa, pamoja na tarehe zake. Zikifa, atabaki na kamusi itakayomwambia maana ya neno bila safari yake. Na hilo ni neno lililobahatika, lililotikisa nchi nzima. Yapo mengine mamia, ya wachimbaji wadogo wa Geita, ya mama lishe, ya madereva wa bodaboda, yaliyoandikwa mara ya kwanza katika ukurasa wa kijana fulani ambaye leo hakumbuki hata neno la siri la kuufungulia.

Tukumbuke pia kwamba kurasa za Kiswahili hazifi kwa uzee tu. Mwaka 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ada zake kwa jumla zilikadiriwa kufikia shilingi milioni 2.1. Kwa kampuni ya habari hilo lilivumilika. Kwa mwalimu au mkulima aliyeweka mashairi yake kwa mapenzi tu, bila kupata senti, lilikuwa jambo jingine. Wengine walilipa, wengine walinyamaza. Sina nia ya kufungua tena mjadala wa kanuni zile. Nataka tu tuone kwamba ukumbi ukifungwa usiku, hautoi nafasi ya kwenda kuchukua mikeka. Hata kampuni kubwa hufunga kumbi zake: Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida ziliondoka, na zilizopona ziliponywa na watu waliojitolea kuzinakili mapema.

Nije sasa kwenye ile hali ya tatu, ya ukurasa uliogeuzwa, pamoja na ndugu yake wa karibu, yaani nakala iliyopitwa na wakati. Ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na ninalo toleo la 2013. Nikiziweka mezani pamoja naiona lugha ikikua: neno lililoingia, maana iliyoongezeka, tahajia iliyorekebishwa. Kamusi ya mtandaoni haina ukarimu huo. Mhariri hubadili fasili leo, na ya jana hutoweka kama maandishi ya chaki ubaoni. Siwalaumu wahariri kwa kusahihisha. Kusahihisha ni wajibu wao. Nalalamikia kusahihisha kusikoacha alama. Mwanafunzi aliyeinukuu fasili ya mwezi uliopita huonekana mwongo mbele ya msimamizi wake, kumbe alinukuu kwa uaminifu.

Nakala iliyopitwa na wakati hufanya kinyume chake: ukweli umebadilika, lakini karatasi imeganda. Chukua swali la shule ya msingi: Tanzania ina mikoa mingapi? Kabla ya mwaka 2012 jibu sahihi lilikuwa 26, Bara na Visiwani kwa pamoja. Mwaka 2012 ikaongezeka Geita, Simiyu, Njombe na Katavi, ikawa 30. Mwaka 2016 Songwe ikafanya 31. Lakini mikoa ya Bara peke yake sasa ni 26. Kwa hiyo mtoto akikuta mahali pameandikwa "mikoa 26", namba hiyo yaweza kuwa kweli ya zamani kuhusu nchi nzima, au kweli ya leo kuhusu Bara. Namba ni moja na kweli ni mbili, na kinachozitenganisha ni tarehe tu. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu hazina tarehe. Vivyo hivyo kuna maandishi yanayoitaja Geita kuwa wilaya ya Mwanza. Mwandishi wake hakukosea. Aliandika kabla ya 2012. Aliyekosa ni yule aliyeyanakili akaukata mwaka.

Nimesema adabu ya kunakili si jambo geni kwetu. Tuutazame urithi wenyewe. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja, katika beti za mwisho, jina la mtunzi, mwaka wa utunzi, na mara nyingi idadi ya beti. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliuacha utenzi wake kwa binti yake na mwaka ukiwa ndani yake, 1275 wa Hijra, unaolingana na 1858. Wengine huzichukulia beti hizo za mwisho kuwa ni madoido. Mimi naziona kuwa ni kufuli. Ukitaja idadi ya beti ndani ya utenzi, umempa kila mnakili wa baadaye njia ya kujua kama kuna ubeti ulioanguka njiani. Ukitaja mwaka, umemzuia mtu kuuvika utenzi wako enzi isiyo yake. Na ukilitaja jina lako ndani ya mizani na vina, mwizi hawezi kulitoa bila kulivunja shairi.

Wanakili nao walikuwa na adabu yao. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na bingwa wa hati, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada mingi ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba za ng'ambo. Mikono ya watu kama yeye ndiyo iliyotufikishia tungo ambazo nakala zake za kwanza zimekwisha kuliwa na mchwa na unyevu. Na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale, mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Diwani ilikuja kuchapishwa na Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kuzikwa. Kati ya kaburi na kitabu hicho hapakuwa na kitu kilichoyaokoa mashairi hayo ila watu walioona kwamba yanastahili kunakiliwa, wakanakili.

Sidai kwamba zamani hapakuwa na makosa. Nakala za Al-Inkishafi hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu nakala zipo, kila moja na mkono wake, nao wanaziweka pamoja na kuzilinganisha. Sisi tunaandika kwa wingi usiowahi kuonekana, na huenda wajukuu wetu wasiwe na cha kubishania.

Jambo hili limenigusa kwa karibu. Mwalimu mwenzangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mshairi mzuri. Miaka kumi na zaidi iliyopita alitunga shairi la beti tisa juu ya vijana waliokuwa wakiacha madaftari na kuingia kwenye maduara ya dhahabu. Aliliweka katika ukumbi mmoja wa mashairi mtandaoni, na likapendwa. Baada ya kufariki kwake binti yake aliniomba nimpatie, lisomwe katika ibada ya kumbukumbu. Ukumbi ule ulikuwa umekwisha kufungwa. Tukauliza katika makundi ya WhatsApp ya walimu, zikaja nakala tatu. Ya kwanza ilikuwa na beti nane, na ubeti uliokosekana ni wa tisa, ule aliolitaja jina lake. Ya pili ilikuwa na kituo kilichobadilishwa, mizani ikilegea mahali ambapo marehemu asingekubali ilegee. Ya tatu ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa.

Anwani ya ukurasa ule wa awali nilikuwa nimeiandika katika daftari, pamoja na siku niliyolisoma shairi. Kijana wangu mmoja aliichukua, akaipeleka kwenye ghala la Internet Archive la Marekani, ambalo Brewster Kahle alilianzisha mwaka 1996 na ambalo tangu 2001 humruhusu mtu yeyote kuzitazama kurasa za kale kupitia chombo kiitwacho Wayback Machine. Unaandika anwani, nalo hukuonyesha siku ambazo ukurasa ule ulinakiliwa, kama ulinakiliwa. Ukurasa wetu ulikuwa umenakiliwa mara moja tu. Beti tisa zote zilikuwapo, na jina lilikuwa mahali pake. Binti alilia, na mimi sikuwa mbali na machozi. Lakini hebu tulifikiri jambo hili bila machozi: jina la mshairi wa Kahama lilihifadhiwa California, kwa nakala moja, kwa bahati, na lilipatikana kwa sababu tu anwani ilikuwa katika daftari la kalamu ya wino. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulidhani wanazungumzia fedha.

Na lile ghala lenyewe si la milele. Mwezi Oktoba 2024 lilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, likafungwa kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja kabla yake Maktaba ya Uingereza ilipatwa na shambulio kama hilo, huduma zake zikasimama kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 2024 Google iliacha kuwaonyesha watu zile nakala za akiba za kurasa ilizokuwa ikiziweka pembeni ya matokeo ya utafutaji. Aliyeweka yai lake katika kikapu cha mtu mwingine ameona jinsi kikapu kinavyoweza kuondolewa. Nakala moja ni bahati. Nakala mbili katika sehemu mbili ndio mwanzo wa hifadhi.

Najua yapo mapingamizi. Wapo watakaosema kwamba si kila kilichoandikwa kinastahili kutunzwa, na kwamba takataka zikifutika ni heri. Nawauliza: nani atachagua, na lini? Muyaka alitunga juu ya mizaha ya mtaani, njaa, mapenzi na ugomvi wa siku ile. Kama angetokea mwenye hekima wa mwaka 1830 akachambua kipi kibaki, huenda angelitupa nusu ya kile tunachokisomesha leo. Wapo pia watakaosema kwamba mtu ana haki ya kufuta maneno yake. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu. Mazungumzo ya faragha, picha ya mtoto, maneno ya hasira ya kijana wa miaka kumi na sita, hayo mwenyewe akitaka yaondoke, yaondoke. Lakini taarifa ya halmashauri, ahadi ya mgodi, fasili ya kamusi na shairi lililotolewa kwa umma ni mambo mengine. Yamekwisha kuingia katika maisha ya watu wengine. Anayeyaondoa kimya kimya amechukua na cha wenzake.

Tufanye nini basi? Naanza na wenye tovuti, hasa za taasisi. Pita karibu na stendi ya mabasi ya Kahama, au ya mji wowote, utaona duka lililofungwa na maandishi mlangoni: "Tumehamia nyuma ya soko," na namba ya simu. Muuza vitenge anajua kwamba mteja wa jana atarudi kwenye mlango wa jana. Kompyuta ina uwezo uleule: anwani ya zamani inaweza kuwekewa maelekezo ya kumpeleka mgeni kwenye mpya bila yeye kuhangaika. Si kazi ngumu kwa fundi. Inahitaji mtu wa kuikumbuka kabla ya kufunga mlango. Na ukisahihisha ukurasa, andika chini yake siku uliyosahihisha na kilichobadilika, kama vitabu vinavyoandika toleo la pili.

Kwa taifa, nina ombi moja. Desturi ya kupeleka nakala ya kila kitabu kinachochapishwa katika maktaba ya taifa tunayo tangu zamani. Uingereza iliipanua sheria yake mwaka 2013, maktaba zake kuu zikaruhusiwa kunakili tovuti za nchi ile. Kiswahili kina nchi nyingi, kina BAKITA, kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, kina vyuo vikuu. Haistahili lugha yenye wazee wote hao itegemee nakala iliyofanywa kwa bahati upande wa pili wa dunia.

Kwa sisi wengine, walimu, wanafunzi na washairi, sisubiri sheria. Unaponukuu ukurasa, usiandike anwani peke yake. Andika jina la mwandishi, kichwa cha maandishi, mahali yalipotokea, siku yalipoandikwa na siku ulipoyasoma. Anwani ikifa, jina na kichwa vitamwongoza mwingine kutafuta kwa njia nyingine. Unapoona ukurasa wenye thamani, uweke katika ghala la nakala siku hiyohiyo. Lile la Internet Archive lina mahali pa kuomba ukurasa unakiliwe, na halidai malipo. Kisha piga chapa, utie katika faili la maktaba ya shule. Usiache mbachao kwa msala upitao: karatasi haihitaji bando. Unapotuma shairi la mtu katika kundi la WhatsApp, litume zima, na jina lake, na chanzo chake. Na wewe mshairi, rudi kwenye desturi ya wazee: taja jina lako ndani ya ubeti wa mwisho, taja mwaka, na ikibidi taja beti ni ngapi.

Chuoni tulifundishwa kwamba kanuni isiyo na wimbo hutoka kichwani kengele inapolia. Kwa hiyo hizi beti mbili nimezitunga kwa ajili ya wanafunzi, wazishike kwa moyo, na atakayezinakili azinakili pamoja na jina la baraza hili na tarehe:

Ukinakili andika, aliyetunga ni nani,
Na tarehe kuiweka, uliipata ni lini,
Ukurasa ukitoka, tusibakie gizani,
Nakala isiyo chanzo, ni mtoto hana kwao.

Wazee walonakili, kwa kalamu ya mwanzini,
Waliweka na dalili, ya jina lao mwishoni,
Na sisi tuwe adili, tuwafuate nyayoni,
Nakala isiyo chanzo, ni mtoto hana kwao.